Sio kila kinachong'arisha gari ni waksi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wenye magari, hasa wale wanaopeleka gari kuoshwa Jumamosi asubuhi wanaambiwa "bosi tukupigie na waksi?" wanaitikia bila kuuliza ni waksi gani. Naongea kama mtu wa ndani maana hii ndo kazi yangu, nimeanza kuosha magari Sinza nikiwa kijana na ndoo moja na kipande cha fulana kuukuu, sasa hivi nina mashine tatu na banda langu na watoto wanasoma kwa hela hii hii ya polishi, kwahiyo nikisema inaniuma naomba mniamini.

Kilichonifanya niandike ni mama mmoja mtu mzima aliyekuja wiki iliyopita na Harrier nyeusi, kwa mbali inawaka kama imetoka kiwandani jana. Nikamsalimia, shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, hebu niangalizie hapa mlangoni kuna kitu sikielewi. Nikainama. Kwenye ukingo wa mlango wa nyuma kushoto, pale bati linapopinda, kulikuwa na mstari wa kijivu mwembamba kama uzi wa kushonea, urefu kama shibiri moja hivi. Nikapitisha ukucha, haunasi, sio mkwaruzo. Ile kijivu ni praima, ile rangi ya msingi ya chini, yaani klia, ile rangi isiyo na rangi inayofunika juu, imeisha na rangi nayo imeisha tumefika chini kabisa. Nikamuuliza walikufanyia nini huko ulikotoka, akasema "walinipigia waksi tu baba, si waksi ndo inalinda rangi?" Nikamwambia mama waksi haiwezi kutoboa rangi hata ukiipaka kila siku mwaka mzima, wewe ulipigiwa kompaundi kwa mashine na huyo aliyeshika mashine aliganda sehemu moja mpaka rangi ikaisha. Mama wa watu akanyamaza, akawa anaangalia ule mstari tu.

Tatizo lote liko kwenye hilo neno. Mjini kwetu kitu chochote kikipakwa kwenye gari kikang'aa kinaitwa waksi, kompaundi ni waksi, polishi ni waksi, silanti ni waksi, mpaka ile silikoni ya dashbodi na matairi kuna watu wanaipaka kwenye boneti wanakwambia waksi hiyo bosi. Wakati kuna vitu vinavyokula rangi na kuna vitu vinavyokaa juu ya rangi, na hivi havifanani hata kidogo. Kompaundi na polishi zina chembechembe ngumu ndani yake, nyingi ni za alumini oksaidi, zinafanya kazi kama msasa laini sana, na mkwaruzo unapopotea sio kwamba umezibwa, ni kwamba uso mzima wa klia umeshushwa mpaka ukalingana na pale mkwaruzo ulipoishia. Waksi, silanti na seramiki hazisagi, zinapakwa zikae juu kama mtu anavyojipaka mafuta baada ya kuoga.

Sasa hiyo klia yenyewe ina unene gani? Chukua karatasi ya kawaida ya fotokopi, ule unene wake ni kama mikroni 100, yaani sehemu 1 ya 10 ya milimita. Hizi gari za Japani tunazoletewa nikipima rangi ambayo haijaguswa naona mikroni 90 mpaka 130, na hapo ni kila kitu kwa pamoja, praima, rangi na klia. Klia peke yake mara nyingi ni 35 mpaka 50, haizidi nusu ya karatasi. Polishi ya kumalizia ukipiga kwa adabu inakula chini ya mikroni 1, lakini kompaundi nzito na pedi ya manyoya inaweza kuondoka na 3, 4, mpaka 5 kwa awamu moja tu, na mtu anayepigiwa hiyo "waksi" kila mwezi hesabu afanye mwenyewe. Klia ndo ina dawa ya kuzuia jua, ikishakuwa nyembamba jua la hapa linaipasua, ndo mnaona Vitz na IST zimebabuka paa na boneti zimekuwa na mabaka meupe kama mtu mwenye ukurutu, ikifika hapo msije kwangu hakuna polishi ya kurudisha, ni kupulizia upya.

Halafu kuna grinda. Hili naomba nilisemee kwa nguvu. Kuna vijana wanachukua grinda ya kukatia vyuma wanafunga pedi ya manyoya wanapigia polishi gari ya mtu, na wateja wanakaa pembeni wanakunywa soda wanaona ni kazi. Grinda ndogo ya inchi 4 na nusu inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, wakati mashine ya polishi ya rotari inaanzia 600 inaishia kama 3,000, na mimi na uzoefu wangu wote nikishika rotari ni mara chache sana kupita 1,500. Kwa spidi ya grinda joto linapanda kabla hujahesabu tano, na kwenye kingo na kona rangi ni nyembamba zaidi ya katikati, kwahiyo ndo panapoanza kuungua. Silaumu vijana peke yao maana na mimi nilipitia huko huko, gereji niliyoanzia nilipewa grinda nikaambiwa piga, nikaunguza kona ya boneti ya Mark II ya kijani ya mzee mmoja mstaafu, nikakatwa mshahara miezi miwili, lakini kilichonikaa mpaka leo ni vile yule mzee alivyopapasa ile kona kwa kidole gumba asiseme neno. Hakuna mtu aliyenifundisha kabla kwamba kingo zinawekwa tepu.

Namna ninavyofanya mimi sasa hivi, gari ikiingia inaoshwa kwanza kwa shampuu ya gari, ndoo mbili, moja ya sabuni moja ya kusuuzia glavu, ili mchanga usirudi kwenye bodi. Baada ya hapo napitisha mkono uliovalishwa mfuko laini wa nailoni juu ya boneti, jaribuni na nyie nyumbani, utasikia vipele vipele ambavyo mkono mtupu hausikii, ni vumbi la breki na masizi na matone ya rangi yaliyoganda, hivyo naviondoa kwa klei, donge laini kama udongo wa kufinyangia, pamoja na maji ya sabuni ya kutosha, maana ukimpigia mtu polishi juu ya vile vipele unavizungusha kwenye pedi na unakwaruza zaidi ya ulivyovikuta. Halafu napima. Nina kipima unene wa rangi, napita kila paneli naandika kwenye karatasi, na hapo mara nyingi wateja wanagundua mambo ambayo hawakuyajia, kuna kaka alikuja na gari aliyoambiwa haijawahi kuguswa, boneti 110, mlango wa kulia 115, fenda ya kushoto 740. Nikamwambia kaka hiyo ni puti, ile ya kuzibia bati lililobonyea. Akacheka akidhani natania, nikampa kipima apime mwenyewe akaacha kucheka. Bampa kipima cha kawaida hakisomi kwasababu ni plastiki, kwahiyo pale unaenda kwa tahadhari tu.

Baada ya kupima nachagua kipande kidogo, kama sentimita 50 kwa 50, naanza na pedi laini na polishi nyepesi, sianzi na kompaundi hata siku moja. Nikiona mikwaruzo haijatoka ndo napanda hatua moja, ikitoka ya kutosha nasimama hapo hapo. Nasema ya kutosha kwasababu kuna mkwaruzo ambao ukucha unanasa, huo umeshakula klia karibu yote, ukitaka utoke wote utatoka na rangi, kwahiyo namwambia mteja huu tutaupunguza ukali lakini tutabaki nao. Wengine hawapendi kusikia hivyo wanaenda kwa mwenzangu anayewaambia inatoka yote.

Mashine ninayoipenda ni ile inayozunguka huku inayumba, wenyewe tunaiita DA. Joto lake linatawanyika, ukimpa kijana anayejifunza hawezi kuunguza kirahisi, na haiachi ile michoro ya duara duara inayoonekana juani kama mafuta yamemwagika kwenye maji. Rotari inakata haraka zaidi na fundi mzuri anamaliza nayo safi kabisa, sina ugomvi nayo, ila mkono wake uwe umeshazoea na macho yasitoke kwenye pedi. Na pedi ikidondoka chini kwenye mchanga usiipulize ukaendelea, iweke pembeni ikafuliwe. Nimeona gari nyeusi imeharibiwa na punje moja ya mchanga, paa zima.

Rangi nazo zina tabia zake. Toyota nyeupe ile ya kawaida, namba ya rangi yake 040, nyingi hazina klia juu, ukipiga polishi pedi inageuka nyeupe na hiyo nyeupe ni rangi yenyewe ya gari inaondoka, kwahiyo usishtuke ila usirudie rudie. Ile nyeusi ya namba 202 ni laini sana, hata kuifuta kwa kitambaa kikavu chenye vumbi inachora utando wa buibui, mwenye gari hiyo angeacha kabisa kuifuta futa asubuhi na dasta kabla ya kwenda kazini. Najua ni mazoea mazuri ya usafi, lakini vumbi la Dar ni mchanga na unausugua kwenye rangi kila siku.

Sasa kuhusu cha kupaka juu baada ya polishi, hapa watu wananiuliza sana niwaambie kipi ni bora, na mimi nawauliza kwanza gari inalala wapi.

Waksi ya kweli ni nta, na neno tunalo wenyewe tangu zamani. Nta inayosifiwa kwenye magari ni karnauba, inatoka kwenye mti wa jamii ya mnazi na mkoche unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili, huko Ceará na Piauí, mti unajipaka nta kwenye majani ili jua lisiunyonye maji, watu wanakata majani, wanayaanika, wanayapiga mpaka unga wa nta unadondoka. Naipenda hii stori kwasababu inaonyesha ni kitu kilichotengenezwa na mti kwa ajili ya jua kali. Ikiwa tupu inayeyuka kama nyuzi 82 mpaka 86 na ni ngumu haipakiki, kwahiyo ya kwenye kopo imechanganywa na mafuta na vimiminika na nta nyingine, matokeo yake inalainika mapema zaidi. Boneti nyeusi ikisimama juani Dar saa saba mchana inaweza kupita nyuzi 70, hata yai unaliogopea. Kuna mdogo wangu mmoja aliniuliza kwanini tusitumie nta ya nyuki ya Tabora tukuze cha kwetu, nikaijaribu kweli, nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 mpaka 64, gari ilinata vumbi kama imepakwa asali, labda ikichanganywa na ngumu zaidi, lakini peke yake hapana.

Kwa gari inayolala nje na kushinda nje hapa mjini, waksi nzuri ya karnauba mimi naiona inaisha ndani ya wiki 3 mpaka 6. Inampa mtu mng'ao wa kina, rangi nyekundu na nyeusi zinakuwa kama zimelowa, kwa gari ya harusi au gari ya mtu anayependa mwenyewe kukaa Jumapili aipake taratibu hakuna kinachoishinda. Lakini dereva wa teksi mtandao anayeosha kila siku, mimi simuuzii waksi, namuuzia silanti. Silanti ni ya kutengenezwa, polima, inashikana na klia vizuri zaidi, naona miezi 3 mpaka 5, mng'ao wake ni wa kioo zaidi kuliko wa kina, na bei haiumizi. Sharti lake klia iwe safi haina mafuta na gari isiguswe na maji kwa masaa kadhaa mpaka siku nzima, soma kopo. Ukitaka vyote viwili tanguliza silanti, waksi ije juu. Ukigeuza silanti haishiki, inakaa juu ya mafuta ya waksi na kuondoka nayo.

Seramiki ndo fasheni ya sasa. Ni kitu kizuri, asili yake ni silika, ikikauka inakuwa ngumu na inakaa mwaka mpaka miaka kadhaa, uchafu haushiki sana na kuosha kunakuwa rahisi. Lakini mtu akikwambia ni 9H kwahiyo haikwaruziki kama almasi, jua kwamba hiyo 9H ni kipimo cha penseli, zile zile penseli za kuchorea, ni kipimo halali ila hakina uhusiano na almasi, na jiwe la barabara ya Morogoro litachapa hiyo seramiki na klia na rangi kwa pamoja. Kingine, seramiki inafungia ndani kila ulichokiacha. Mikwaruzo ukiiacha utaiangalia miaka miwili. Na kwa unyevu wa huku Pwani inakauka haraka kuliko maandishi ya chupa yanavyosema, nikipaka na feni imezimwa mchana wa mwezi wa tatu nafanya robo ya boneti tu kwa wakati mmoja, ukichelewa kufuta inaganda mabaka na mabaka hayo yanatoka kwa polishi tena, yaani unarudi kula klia.

Kuna jambo la maji silisikii likizungumzwa. Maeneo mengi tunaoshea maji ya kisima na yana chumvi. Gari iliyopakwa vizuri inafanya maji yasimame matone matone, kila mtu anapiga picha anafurahi, lakini tone la maji ya chumvi likikauka juani linaacha duara jeupe, na ukiacha likarudia rudia linachimba klia. Kwahiyo waksi au seramiki haikuondolei kazi ya kukausha, inakuongezea. Kausheni kwa taulo la maikrofaiba kabla jua halijakausha. Kinyesi cha kunguru nacho kina asidi, na sisi Dar kunguru tunao, msikisugue na kidole wala tishu, kina punje na mchanga ndani, weka kitambaa kilicholowa juu yake dakika chache kilainike ndo ukinyanyue. Na tafadhali wazee wangu, dizeli na mafuta ya taa sio polishi. Gari inang'aa jioni moja, kesho imebeba vumbi lote la mtaa, na kule chini mpira wa bushi unavimba. Sabuni ya unga nayo ni ya nguo, inaondoa waksi yote uliyolipia juzi.

Ombi langu kwa wauza vifaa Kariakoo na Gerezani ni dogo tu, kopo lenye chembe za kusaga liandikwe kwa Kiswahili kwamba linasaga, kuna makopo yameandikwa waksi kwa herufi kubwa halafu ndani kuna polishi na mwenye gari anasugua kila wiki akijua analinda, na TBS, shirika letu la viwango, nawaomba waliangalie hilo. Ombi kwa wateja, kabla hujamwachia mtu funguo muulize hii unayonipigia inakula au inakaa juu, na muulize mashine gani. Akikuonyesha grinda chukua funguo zako. Akimaliza mwombe afute kipande kimoja kwa spiriti iliyochanganywa na maji halafu mwangalie pamoja kwa tochi, kama mikwaruzo imerudi ujue ilikuwa imejazwa mafuta tu.

Yule mama aliniuliza kama kuna cha kupaka ule mstari upotee, nikamwambia hakuna, nisingeweza kuchukua hela yake. Nimepima Harrier nzima, mlango ule ule juu kidogo ya ukingo kuna 68, boneti 84, paa 102, nikampakia silanti tu kwa mkono, mashine sikuiwasha. Mlango unaenda kwa fundi rangi Jumatatu na ile karatasi ya vipimo nimempa aende nayo.

Wako,
Fundi polishi,
Sinza, Dar es Salaam